Kichochoro Kilichopimwa kwa Jeneza

Apollinarie alikwenda kununua makaa, basi. Mtu akikuambia alikuwa na lingine moyoni jioni ile, anakudanganya. Makaa yalikuwa yameisha, binti yake Noella, wa miaka saba, alikuwa akilia njaa, na mumewe Thaddée alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka mwenyewe. Akachukua ndoo, akajifunga kitenge, akatoka.

Kwetu Uvira jua halisubiri mtu. Huzama nyuma ya milima mapema, na kabla hujamaliza kuanua nguo kivuli kimeshafunika mtaa wetu wote wa Kimanga, ilhali ng'ambo ya ziwa, upande wa Bujumbura, bado kuna mwanga. Mgeni hudhani ni usiku. Si usiku. Ni saa kumi na moja na nusu.

Kichochoro chao kinaanzia barabara kubwa, kinateremka kati ya kuta za matofali mpaka nyumba za chini, karibu na maji. Hakina jina. Wale wa ofisi ya mipango walipokuja na ramani yao, kichochoro hakikuwemo. Haidhuru! Bibi harusi hupita humo. Samaki hupita humo, na maji ya mvua, na umbea. Siku za risasi mtaa mzima ulikimbilia humo, mama na magodoro yao kichwani, na waliopona walipona kwa sababu kulikuwa na upenyo. Kina adabu zake pia. Mkikutana, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo: anageuka, mgongo ukutani, anasema "pita". Hata kama asubuhi mlitukanana.

Apollinarie alirudi na ndoo ya makaa kichwani. Alipokaribia kona ya ukuta wake mwenyewe, aliona mtu anapanda kutoka chini.

Mwanamke. Mzee. Anatembea ubavu-ubavu.

Mzigo alikuwa nao Apollinarie, kwa hiyo haki ya kupita ilikuwa yake. Lakini mzee ni mzee. Akatua ndoo, akaegemeza mgongo ukutani.

"Pita, mama."

Yule mtu hakupita. Alifika penye kona, pale kichochoro kinapobanwa, akaingiza bega. Halikuingia. Akarudi nyuma kidogo, akaingiza tena. Na kila alipoingiza, ilisikika sauti ambayo nguo haiwezi kuitoa, wala mwili wa mtu.

Krrr... krrr...

Mbao kwenye tofali.

Ndipo harufu ikamfikia. Mbao mpya, na yale marashi makali wanayomwagia maiti siku ya joto. Apollinarie akatazama chini. Miguu ya yule mama ilikuwa peku, imebanana, na vidole gumba vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa cheupe.

"Iko kadogo," yule mama alinong'ona. "Hii kanjia iko kadogo."

Kisha hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta, na ndoo, na jirani fulani huko juu akiwaita watoto wake waje kula.

Wewe ungepiga kelele. Mimi ningekimbia mpaka Kamanyola. Apollinarie aliinua ndoo yake, akaingia ndani, akawasha jiko, akasonga bugali. Kitu pekee kilichomshangaza ni kwamba hakushangaa. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kitambo, na ganzi ya moyo haina dawa ya kuchua.

Maana yule mama alimfahamu. Alikuwa Domitille, jirani wa nyumba ya chini kabisa, na alikuwa amezikwa wiki tano nyuma.

Haya, sasa nieleze habari ya ukuta.

Wazee waliogawa viwanja vya pale hawakuwa na mita. Walipima kichochoro kwa jeneza: watu wanne, wawili mbele wawili nyuma, jeneza mabegani, wapite bila kugusa ukuta wa mtu. Hicho ndicho kipimo. Walisema nyumba isiyoweza kutoa maiti wake akiwa amelala si nyumba, ni mtego. Na desturi nyingine ilifuatana na hiyo: mwenye ukuta unaopakana na njia hutoa bega lake siku maiti anapopita.

Apollinarie ni fundi cherehani. Alikuwa akishonea sebuleni, pamba na vipande vya vitenge mpaka kwenye sufuria, na kila siku alimwimbia mumewe wimbo mmoja: nataka chumba changu, nataka chumba changu. Thaddée si mtu mbaya. Ni mtu anayechoka kusemwa. Mwaka jana akasogeza ukuta hatua moja na nusu ndani ya kichochoro, akajenga chumba kidogo cha cherehani. Majirani walinung'unika. Domitille peke yake ndiye aliyekuja mlangoni, mkono kiunoni.

"Papa Noella, minye nitapita wapi siku yangu?"

Thaddée akacheka. "Weye mama, utapita kama bantu bote banapita."

Wakagombana, hawakusalimiana tena. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeanza na ukuta.

Siku ya maziko jeneza lilipanda kutoka chini likiwa na watu watatu na kijana mmoja wa kwaya, kwa sababu Thaddée alikataa kutoa bega. Lilipofika kwenye kona likakwama. Aliyekuwa mbele, Ezéchiel, mvuvi mwenye shingo nene, aliita kwa heshima kabisa.

"Papa Noella, tutoe mistari tatu tu ya matofali. Tutarudishia kesho."

Thaddée alisimama amekunja mikono. Alimtazama mkewe, aliyekuwa dirishani mwa chumba chake kipya. Yeye ndiye angeamua, na wote wawili walijua. Apollinarie alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wanalia, alitaka tu waondoke.

"Musimamishe sanduku," alisema. "Itapita."

Wakalisimamisha. Na wote pale kichochoroni walisikia mwili ukiteleza ndani, na nyayo zikigonga ubao wa chini.

Dup.

Laurette, binti wa Domitille, alifunga macho. Jeneza likapita limesimama, kama mtu anayetembea, likaenda mlimani kuzikwa.

Siku ya tatu Thaddée aliamka akasema hahisi vidole vya miguu. Wiki ya pili ganzi ilifika magotini. Ya nne, kiunoni. Daktari alimchoma sindano pajani, akaivuta, akachoma tena. Thaddée akawa anamtazama tu kama mtu anayetazama nguo ikishonwa. Daktari alisema ni neva, apelekwe mbali kwenye vipimo vikubwa, lakini barabara siku hizo zilikuwa zimefungwa. Akamwita Apollinarie pembeni. "Ikipanda mpaka kifua, hataweza kuvuta hewa. Ujipange, mama." Walimpeleka chumba cha maombi, wakamwekea mikono siku tatu. Ganzi ikaendelea kupanda, haina haraka.

Jioni ile ya makaa ilikuwa imefika kwenye mbavu za chini.

Kesho yake asubuhi Apollinarie aliteremka mpaka kwa Laurette. Laurette husuka nywele, na ana ulimi mkali, lakini siku hizo ulikuwa umelala. Alikuwa ameketi mlangoni na kitana mkononi, hakuna mteja.

"Umemuona," Laurette alisema, kabla hajasalimiwa.

"Nimemuona."

"Iko anapanda kila magaribi. Namusikia anatoka hapa, anafika pa ukuta yenu, anagonga-gonga, anarudi. Usiku kucha anakwaruza mulango yangu. Minye silale tena."

"Mbona haukusema, Laurette?"

"Ningesema kwa nani? Kwa weye?" Akamtazama usoni, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Weye ndiye ulisema basimamishe. Maiti analala, Mama Noella. Ukimusimamisha, umemuambia atembee."

Apollinarie alitaka kulia. Ilikuwa ni haki alie. Machozi hayakuja. Akasema tu, "Papa Noella atakufa."

"Najua."

"Tuvunje?"

Laurette aliweka kitana chini. "Iko na nyundo kwako?"

Thaddée aliposikia pigo la kwanza aliuliza ni nini. Apollinarie akamwambia. Aliinua macho darini, kisha akasema, "Uvunje yote. Usiache hata tofali." Masikini, sauti yake ilikuwa nyembamba, kifua kilikuwa kinaanza kumgomea.

Wanawake wawili walibomoa chumba cha cherehani siku nzima. Cherehani yenyewe waliibeba wakaiweka sebuleni, pale ilipokuwa zamani. Majirani walitoka, wakasimama kutazama. Kwanza hawakusaidia, na siwalaumu. Alasiri Ezéchiel alikuja na jembe, akaingia kazini bila salamu, na baada yake wengine. Ukuta wa matofali ya udongo haukawii: uliokula mwezi mzima kuujenga ulianguka kabla ya saa kumi. Ezéchiel na kijana wa kwaya wakachukua benchi refu, wakaliweka mabegani, wakaita wawili wengine, wakapita nalo mara mbili, kupanda na kushuka. Halikugusa popote.

"Sasa iko njia," Ezéchiel alisema, akapangusa mikono, akaenda zake.

Kivuli cha mlima kikashuka.

Apollinarie alimlaza Noella, akaketi kitandani kwa mumewe. Thaddée alivuta hewa kidogo kidogo, kwa kupima. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha lilikuwa limefungwa.

Mara mbwa wa jirani akanyamaza katikati ya kubweka.

Harufu ya mbao mpya...

Kisha miguu. Safari hii haikuwa miguu ya mtu mmoja. Ilikuwa miguu ya watu waliobeba kitu kizito, wanaohema, wanaopanda polepole kutoka chini. Apollinarie ameishi kichochoroni miaka kumi na mitano. Kwa mlio wa miguu anajua nani amelewa na nani ana mimba. Akasikiliza. Mbele, wawili. Nyuma...

Nyuma, mmoja.

Pembe moja ya mzigo ilikuwa inaburuzwa ardhini. Krrr. Inanyanyuliwa, inaanguka. Krrr.

Walifika mbele ya mlango. Wakasimama.

"Mama Noella," Thaddée alisema.

Aligeuka. Mumewe alikuwa amefungua macho, na macho yalikuwa yanacheka.

"Nasikia miguu yangu."

"Nini?"

"Miguu. Naisikia. Uone." Shuka likatikisika. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza chini ya shuka, vyote kumi! Apollinarie aliviangukia, akavishika, akavibusu, na machozi aliyoyangoja wiki tano yakaja yote kwa mara moja. Alilia kwa sauti. Alimwita Mungu na mama yake. Thaddée akaketi. Akasimama. Akavaa shati lake, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Unaenda wapi?"

"Kwa kanjia. Banangojea."

Furaha ikamtoka mwilini. Akamshika shati. "Banani?"

"Iko pembe moja haina muntu." Alisema hivyo kwa upole, kama anavyomweleza Noella hesabu. "Nitabasaidia tu kufika juu. Nitarudi."

"Usiende. Papa Noella, kwa jina la Yesu, usiende!"

"Nisipoenda, itapanda tena. Sasa hivi. Uweke mukono."

Akachukua mkono wake, akauweka kifuani pake. Chini ya kiganja Apollinarie alihisi ngozi ikipoa, kuanzia mbavu kwenda juu, taratibu, kufuata moyo. Nje hapakuwa na sauti. Walikuwa wanangoja, na walikuwa na subira.

Angeweza kumshika. Alikuwa na nguvu kuliko yeye usiku ule. Angemshika, naye angekufa mikononi mwake, kitandani mwake, mbele ya mwanawe. Apollinarie alilijua hilo waziwazi. Akaachia shati.

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Akasikia pembe ya nne ikinyanyuka kutoka ardhini. Kisha miguu minane, hatua moja, bila kukwama, bila kugusa ukuta, ikapanda kuelekea barabara kubwa na mlimani.

Alirudi wakati jiko lilikuwa halijazima. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu, na udongo mwekundu hauko Kimanga, uko juu makaburini. Begani palikuwa na alama nyekundu ya ubao. Aliomba chakula. Alikula bugali na ndagala sahani mbili, akalala, akakoroma.

Mtaa ulisherehekea. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda, wakapiga vigelegele. Daktari alimtazama akitembea, akaandika kitu, akafuta. Laurette naye alinenepa kidogo, akarudi kuwatania wateja wake. "Mama haji tena," alimwambia Apollinarie. "Nalala kama gunia." Watoto sasa walicheza mpira penye kona, upana uliwatosha. Wote walisema kichochoro kimepumua.

Thaddée hakueleza kitu. Ukimuuliza alikwenda na nani usiku ule, anasema, "Na bantu." Ukimuuliza watu gani, anatabasamu. Alikuwa mume mzuri kuliko zamani, hakasiriki, hachoki kusemwa. Ila jioni, kivuli kikishuka, alitoka akasimama kichochoroni, mgongo ukutani, kama anayempisha mtu. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Apollinarie alimtazama kupitia mlangoni, akarudi kwenye cherehani yake. Hakutaka kujua. Kuna mambo ukiyauliza yanakujibu.

Wiki ya tatu, Alhamisi, Thaddée aliingia kutoka nje, akanawa mikono, akaja chumbani. Apollinarie alikuwa amejinyoosha kidogo, mgongo unamuuma kwa kushona. Noella alikuwa sebuleni anakariri shairi la shule kwa Kifaransa.

"Ulale vizuri, Mama Noella. Unyooke."

Akadhani anataka kumkanda mgongo. Akacheka. Akanyooka.

Thaddée alipiga magoti kando ya kitanda. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakitandaza, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Shubiri moja. Akasogeza mkono chini ya kidevu. Mbili. Kifuani. Tatu. Alipima taratibu, kwa mapenzi, midomo inahesabu.

"Unafanya nini, weye?"

"Baliniuliza urefu."

"Banani?"

Alikuwa katikati ya hesabu, hakutaka kupoteza. Kiunoni. Pajani. Gotini. Apollinarie alitaka kuinuka, akajiambia ngoja kwanza amalize, na alipolisikia wazo hilo lilikuwa limetulia sana, kama si lake.

Thaddée alifika mwisho. Akazishika nyayo zake kwa mikono miwili, akazibana, akainua uso kumtazama.

"Unasikia?"

Aliiona mikono ya mumewe imezishika nyayo zake. Aliona vidole vyake vikibonyea chini ya vidole vya mumewe. Sebuleni Noella alikosea mstari, akaanza shairi upya tangu mwanzo.

"Mama Noella. Unasikia?"

"Ndiyo," Apollinarie alidanganya.